Tete Juu ya Mlango na Siku Saba za Mama

Jumatatu, 3 Juni

Baridi kali. Maji ya ndoo yameganda juu, nimeyavunja kwa mpini wa kijiko. Mama ameenda kazini.

Naandika tena ili niamini. Mama ameenda kazini! Juzi Jumamosi nesi wa kliniki alimsikiliza kifua, mbele na nyuma, akakunja uso, akasema mapafu yamevimba. Akampa vidonge vya rangi mbili na karatasi ya mapumziko: siku tano kitandani. Akasema, nami nimesimama pale pale, kwamba asipopumzika safari ijayo ataletwa amebebwa. Mama akasema asante sana mwanangu, akaikunja karatasi mara nne, na leo alfajiri akavaa viatu vya kazi.

Karatasi nimeikuta ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa.

Nilimzuia asitoke. Si kwa maneno. Mimi hata darasani sauti hainitoki. Nilisimama tu mlangoni, sikusogea. Akanielewa. Akasema Limpho, mwanangu, mwezi huu oda za jinzi zinapungua, na ofisini wanaandaa orodha ya watakaobaki. Karatasi ya mgonjwa, akasema, ndiyo kalamu wanayoandikia majina ya wanaoondoka. Akakohoa mpaka akashika ukuta. Akaniambia nipishe.

Nikapisha. Ndio ujasiri wangu wote huo.

Lakini nina silaha. Mkataba wake wa kiwandani uko kwenye kopo la biskuti, umeandikwa kwa Kiingereza, na humu ndani anayejua Kiingereza ni mimi. Mama aliuwekea sahihi bila kuusoma kwa sababu foleni nyuma yake ilikuwa ndefu. Leo baada ya shule nimeusoma wote, kurasa tisa, kamusi mapajani. Ukurasa wa sita! Mfanyakazi akiugua ana haki ya siku za mapumziko kwa mshahara wake wote. Karatasi ya kliniki ailete mwenyewe au iletwe na ndugu yake, ndani ya siku mbili tangu atoke kazini. Na hafukuzwi kwa sababu ya kuugua. Imeandikwa! Wino mweusi!

Aliporudi nimemsomea kwa Kisotho. Amesikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza mhubiri mgeni. Akasema ni maneno mazuri sana. Kisha akasema hajawahi kuona karatasi ikikaa kwenye cherehani.

Amekohoa wakati wote wa chakula. Nilianza kuhesabu, nikaacha, nikaogopa jibu.

Mpango wa kwanza: kesho hatoki. Kitambulisho chake cha getini nimekificha ndani ya gunia la unga. Bila kitambulisho hakuna geti. Bila geti hakuna kazi. Bila kazi, kitanda.  

Jumanne, 4 Juni

Aibu tupu.

Jirani yetu ’Mathuso hajawahi kukopa unga alfajiri tangu nizaliwe. Leo akakopa. Mama akamchotea bakuli gizani, na kitambulisho kikaenda nao.

’Mathuso anashona mstari mmoja na Mama. Ana miaka mitatu akiitamani cherehani ya Mama, ile iliyo chini ya dirisha, ambako vumbi la kitambaa halijazani sana na mtu anaona anachoshona. Akarudi kakishika kitambulisho kwa vidole viwili, sura ya Mama imejaa unga kama mzimu. Akauliza, hivi dada yangu, siku hizi kwenu mboga ni kitambulisho? Akaongeza kwamba kama kimechoka kwenda kazini, wapo wengine wangependa kukaa pale dirishani. Mama akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Akanitazama mara moja tu. Wakaondoka pamoja.

Mpango wa pili, wa kisheria kabisa: “au iletwe na ndugu yake.” Mimi si ndugu? Nimeitoa karatasi kwenye kitabu cha nyimbo. Wakiisoma ofisini watamrudisha nyumbani wao wenyewe.

Njia nzima nimefanya mazoezi ya hotuba, Kisotho mara kumi, Kiingereza mara kumi. Getini mlinzi akaniuliza binti unataka nini. Mdomo ukachagua Kiingereza. Kisha ukabadili mawazo. Kisha ukajifunga. Mlinzi akaniambia hawaajiri mwezi huu, na hata wangeajiri wasingechukua mabubu. Mama muuza maandazi akacheka mpaka akaangusha moja kwenye vumbi.

Nilikuwa naondoka. Haki ya Mungu nilikuwa naondoka! Ndipo akatoka bwana mmoja upande wa ofisini, kashika ubao wa karatasi, kalamu sikioni, uso wa mtu anayeamua mambo. Nikaruka mbele yake, nikamtia karatasi mkononi, nikasema jina la Mama na mstari wake wa kushona: ya ’Malimpho, mstari wa saba! Nikakimbia bila kusimama mpaka darajani.

Nimeweza! Nimemwambia mtu maneno matano!

Baadaye kidogo. Wakati wa kula nimemuuliza Mama, kwa mbali, yule bwana wa kalamu sikioni ana cheo gani. Akasema nani, yule dereva? Huja kila Jumanne kuchukua jinzi za Durban.

Karatasi ya mapumziko ya Mama imevuka mpaka. Iko njiani kwenda baharini. Papa yangu, ugali wetu wa mahindi, imepoa kwenye sahani.

Jumatano, 5 Juni

Kipindi cha tatu nimeitwa nje ya darasa. Mama ameanguka kiwandani.

Hakuangukia cherehani, aliangukia pembeni yake. Narudia hilo moyoni kama sala. Amerudishwa nyumbani na Ntate Sekoati, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, mzee mwenye koti refu anayeongea na mtu mmoja kama anaongea na mkutano. Kanikuta mlangoni akaniambia, ndugu binti, hali ni kama ifuatavyo. Karani wa wafanyakazi, Ausi Nthabeleng, ameandika kwenye daftari kwamba ’Malimpho ametoka kazini saa nne bila karatasi. Karatasi iko wapi?

Nikasema Durban.

Akangoja maelezo. Nikayaeleza, nikiviambia viatu vyake. Akavua kofia, akaivaa tena. Akasema ana miaka kumi na tisa akibishana na waajiri, nyaraka zake zimewahi kuliwa na panya na kumwagiwa chai, lakini hajawahi kupoteza hata moja nchi ya kigeni.

Kisha akashusha sauti, na hapo ndipo niliogopa hasa. Akasema nesi aandike karatasi nyingine, na iwe mezani kwa karani Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Ikipita saa sita wataandika ametoroka kazi. Na mtu aliyeandikwa mtoro mwezi wa orodha, ndugu binti, chama kitamwimbia wimbo mzuri tu. Halafu akasema kiwanda hutuma mtu kuja kuona kwa macho kama mgonjwa ni mgonjwa kweli. Basi akutwe kitandani. Amelala!

Amelala! Kwa nani? Kufikia saa tisa tulikuwa na wageni kumi na mmoja. Mgonjwa haachwi peke yake, hiyo ni sawa, lakini Mama hawezi kulala wageni wamekaa. Kaamka. Kajifunga blanketi. Kachemsha maji. Kamuuliza kila mtu habari za watoto wake, kwa majina. Akina mama wa kanisa wameimba nyimbo nne, beti zote, na Mama kaimba sauti ya pili huku akikohoa katikati. ’Mathuso kaja na kabichi, kakaa kuliko wote, na mara tatu kauliza kwa upole kama sindano ya cherehani ile hubadilishwa kila wiki au kila mwezi.

Nimejaribu kuwafukuza kwa heshima. Nimefagia miguuni pao. Wakainua miguu.

Wamekwenda jua likizama. Nimemgusa Mama paji la uso. Kama sufuria.

Jumatano hii sitaki kuiandika zaidi.

Alhamisi, 6 Juni

WAZO!

Limenijia mtoni, nachota maji. Kando ya maji kuna matete. Nikakumbuka: nyumba yenye tete lililochomekwa juu ya mlango haingiwi na mtu. Jirani haingii. Mchungaji haingii. Aliyetoka safari haingii, aliyetoka msibani ndiyo kabisa. Hata hodi haipigwi. Na mimi sihitaji kufungua mdomo!

Nimekata moja, refu kuliko yote. Mama akiwa usingizini nimepanda kigoda, nikalichomeka kwenye nyasi za paa, juu kabisa ya mlango. Limesimama kama askari.

Muujiza. Saa moja akina mama wa kanisa wakaja kwa mstari, vitabu kwapani. Kufika kwenye ua wa mishubiri wakasimama wote pamoja kama gari lililokatika breki likapata ukuta. Wakanong’ona. Mmoja akapiga kigelegele kidogo, akajiziba mdomo. Wakageuka. ’Mathuso akatoka kwake na kikombe cha chai, akaona, kikombe kikabaki hewani. Mama akalala! Kalala mpaka jua likapanda! Hajawahi kulala hivyo tangu mazishi ya Baba.

Kile kigelegele nilikisikia vizuri tu. Sikukifikiria. Nilikuwa na furaha.

Nikaenda kliniki. (Leo ni mtihani wa Jiografia. Nitaeleza shuleni. Sijui kwa mdomo gani.) Nesi akafungua kijitabu cha kliniki cha Mama, akasoma alichoandika mwenyewe, akanigombeza kana kwamba mapafu ni yangu. Nilisema Jumamosi! Nilisema au sikusema? Nikasema alisema. Akaandika upya: siku saba kuanzia leo, kurudi kazini Alhamisi ijayo. Nilipomsimulia habari ya Durban akaandika nakala mbili, akazipiga mhuri zote kwa nguvu mpaka meza ikaruka.

Njiani kurudi, bombani, akina mama walinyamaza nilipofika. Bibi mmoja akanishika mkono, akanitazama tumbo, akatikisa kichwa. Akasema mwanangu, nani amekuruhusu kutoka nje mapema hivi? Nenda kalale, upepo huu utakuingia mifupani. Nikasema asante bibi. Nilidhani ni huruma tu kwa sababu ya baridi!

Nyumbani, juu ya ukuta wa mawe, nimekuta bakuli la uji mchachu. Limefunikwa kwa kitambaa safi. Pembeni yake paketi ya nepi. Juu ya nepi, kofia ya sufu ya njano, inatosha chungwa.

Nikakaa chini palepale kwenye barafu.

Tete. Mtoto mchanga. Bila shaka! Nimezaliwa hapa Lesotho, nina miaka kumi na saba, tangu nitambae najua kwamba tete juu ya mlango maana yake usiingie. Nikasahau kwa nini mtu haingii.

Na nyumba hii ina watu wawili. Mmoja ana miaka arobaini na minane na ni mjane mwaka wa tisa. Mwingine ni mimi, ambaye sijaweza kumwomba mvulana rula.

Kuna baya zaidi. Mtu wa kiwanda alikuja wakati niko kliniki. ’Mathuso kanisimulia juu ya ua, uso umenawiri kama sikukuu. Kasema yule bwana alifika hapo kwenye mishubiri, akaona tete, akavua kofia, akakataa kusogea hata hatua moja, maana juzi alikuwa mazishini na hawezi kumletea mtoto mchanga mkosi. Akamuuliza ni mtoto wa nani. ’Mathuso akamjibu kwamba yeye si mtu wa kuzungumza mambo ya watu. Kisha akazungumza nusu saa.

Niling’oe? Nimefika mpaka kwenye kigoda. Nikashuka. Tete likitoka kabla ya wakati wake watasema mtoto amefariki. Watakuja kuomboleza! Watakaa siku ngapi? Wataimba nyimbo ngapi?

Nimeliacha. Mama hajui chochote. Kauliza tu, kwa sauti ya kukwaruza, mbona leo watu wametusahau.

Ijumaa, 7 Juni

Nitaiandika kwa mpangilio, nisipofanya hivyo nitalia.

Asubuhi na mapema mwenzangu wa darasani kasimama mbali, ng’ambo ya barabara, akanipigia kelele ujumbe wa naibu mwalimu mkuu: je, nitarudi kufanya mitihani iliyobaki, au niandikiwe mwakani mtoto akishaacha ziwa? Mtaa mzima umesikia. Nikatikisa kichwa. Akaelewa kwamba ni mwakani.

Saa tano na dakika ishirini niko ofisini kwa Ausi Nthabeleng. Ntate Sekoati kasimama kando yangu, koti limefungwa vifungo vyote. Karani ana miwani midogo na mezani kwake hakuna hata uzi. Akafungua daftari. Akasema anaona mambo mawili hapa. Jumatano: ’Malimpho katoka bila karatasi. Alhamisi, taarifa ya mtu wetu: nyumbani kuna uzazi. Sasa ni lipi? Maana likizo ya uzazi ina taratibu zake, huombwa mapema, na mwezi uliopita tu huyu mama alikuwa akibeba mafungu ya jinzi begani bila kumwambia mtu. Ameugua? Au amezaa? Achague!

Ntate Sekoati akaniinamia sikioni, akaninong’oneza kwa uchungu wa kiuongozi: ni wa nani, ndugu binti? Tuambie tu, chama kina msimamo kwa yote mawili.

Masikio yakawaka moto. Nikaiona saa ya ukutani. Nikamwona Mama ameshika ukuta. Nikafungua mdomo nikiogopa utachagua lugha gani, na ukachagua zote.

Nikasema kila kitu! Kitabu cha nyimbo, unga, dereva, wageni kumi na mmoja, beti zote, matete ya mtoni. Nikafungua ukurasa wa sita nikausoma kwa Kiingereza. Kisha kwa Kisotho. Kisha kwa Kiingereza tena, kwa sababu sikujua namna ya kuacha. Ntate Sekoati akasema “hilo hilo!” mara mbili. Nikaweka karatasi ya nesi mezani, na nakala yake, na kijitabu cha kliniki, na kwa bahati mbaya kitambulisho cha maktaba ya shule.

Ausi Nthabeleng hakucheka. Ingekuwa nafuu angecheka. Akapiga mhuri: imepokelewa, saa tano na dakika hamsini na tano. Kisha akasema karatasi ni sawa, lakini ndani ya daftari kuna taarifa ya uzazi, na yeye hafuti taarifa kwa neno la msichana anayekata matete. Atakwenda kuona mwenyewe. Sasa hivi. Akimkuta mgonjwa, ni ugonjwa. Akikuta uongo, ni uongo, na orodha inafungwa leo jioni.

Tumepanda gari la kiwanda, Ntate Sekoati nyuma, mbele dereva wao na karani, mimi katikati, magoti yangu yakigongana na gia. Njia nzima naomba jambo moja. Mungu, awe kitandani. Nimemwacha kitandani. Sitaomba kingine mwaka huu.

Tukakata kona. Mama alikuwa juu ya paa.

Tuseme nusu ya paa. Alikuwa amesimama juu ya ndoo, ndoo iko juu ya meza, kavaa gauni la kulalia, blanketi mabegani, kofia ya sufu kichwani, mikono yote miwili imeingia kwenye nyasi juu ya mlango. Kumbe alitoka kwenda chooni na bibi mmoja akampungia mkono kutoka barabarani, akamwambia hongera, na kwa umri wako! Ndipo akainua macho akaona nilichofanya. Akapanda akaling’oe. Mbele ya ua mzima, ’Mathuso akiwa wa kwanza, kikombe mkononi.

Mwanamke asiyeweza kukaa kwenye cherehani, amesimama juu ya ndoo!

Ausi Nthabeleng akafungua daftari lake dogo. Nikaiona kalamu ikigusa karatasi. Nikawaza: basi. Dereva wa Durban hakuipoteza kazi ya Mama. ’Mathuso hakuichukua. Nimeimaliza mimi, kwa mikono hii.

Mama akageuka, tete mkononi. Akamwona mgeni. Na mgeni husalimiwa hata ukiwa juu ya ndoo. Akaanza, khotso ’m’e, amani mama, karibu sana, na hapo kikohozi kikamkamata. Si kile cha kushika ukuta; hapakuwa na ukuta. Kikamkunja. Ndoo ikateleza. Mimi nilibaki nimesimama kama tete lingine. Ausi Nthabeleng akatupa daftari, akaruka, akamdaka, wakakaa chini wote wawili kwenye vumbi, miwani imepinda.

Hakuinuka mara moja. Kamshika Mama paji. Kamshika shingo. Kaweka sikio mgongoni pake akasikiliza, na nikauona uso wake ukikunjika kama wa nesi. Kisha akatugeukia akatupigia kelele sote, chama, dereva, ua wote: huyu mama anaungua, nani amemwacha nje, nyie mna macho ya kutazamia nini?

Akamlaza mwenyewe. Akachemsha maji mwenyewe. Akatazama kila pembe ya nyumba, akainama hata chini ya kitanda, akasema hakuna mtoto, andika. Akajiandikia: ugonjwa, siku saba, mshahara wote, cherehani yake isikaliwe na mtu. Mama kwa sauti ya kupotea akauliza habari ya orodha.  Ausi Nthabeleng akasema orodha haandiki yeye peke yake. Lakini jina ambalo yeye ameandika kando yake “ugonjwa”, kwa mkono wake, halitakatwa kwa sababu ya ugonjwa. Wakithubutu, akasema, ukurasa wa sita una msomaji wake, na akishaanza hanyamazi.

Wamekwenda. Mama kanitazama muda mrefu.  Kaninyooshea kidole ile kofia ya njano ya mtoto, kafunga macho.

Jumamosi, 8 Juni

Orodha imebandikwa getini. Ntate Sekoati kapita kutuambia: jina la Mama lipo kwa wanaobaki. Kalisoma mara tatu, kavua miwani kasoma tena. Mama kamshukuru, kageukia ukuta, mabega yakatikisika. Safari hii si kikohozi.

Homa imeshuka kidogo. Mchana kaniita, kaniuliza swali moja tu. Kwa nini sikuwaambia watu: Mama amelala, njooni kesho? Nimelifikiria siku nzima. Ni kweli, inawezekana. Lakini kwenye nyuso za watu kumi na mmoja!

Alasiri ’Mathuso kaniita uani. Nikajiandaa kwa kejeli. Hakuna. Katazama huku na huku, kakohoa ndani ya kiganja, na kutoka ndani ya blauzi yake katoa karatasi ya kliniki iliyokunjwa mara nne. Tarehe ya Machi. Siku tatu za kupumzika, hakupumzika hata moja. Akasema, Limpho, ile ya ukurasa wa sita. Nisomee na mimi. Polepole, na usipige kelele kama ofisini, wamenihadithia.

Nimemsomea mara mbili. Kauliza kama hata anayetamani cherehani ya mwenzake inamhusu. Nikasema haijaandikwa kwamba haimhusu. Akacheka. Akasema dirishani baridi hupenya sana, yeye atamlindia tu Mama cherehani yake mpaka Alhamisi.

Jumapili, 9 Juni

Mama kala papa na mboga, kaulizia chumvi. Bado siku tatu za haki yake, na atazilala zote, kaapa.

Tatizo ni watu. Tete limetoka na mtoto hasikiki kulia. Nusu ya kijiji wanasema mtoto amepelekwa kwa ndugu milimani. Nusu wanasema tumemzika kimya kimya. Akina mama wa kanisa wamesimama kwenye mishubiri na shali nyeusi, hawajui waingie au warudi. Nilijaribu kurudisha nepi, wakaangua kilio. Mama anasema niache, watu huchoka wenyewe. Mimi siwezi kukaa hivi. Nahitaji waingie wengi, upesi, waone kwa macho yao hakuna mtoto wala kaburi, waondoke. Bila mimi kusema neno.

Na nimepata! Nilikuwa nakunja foronya. Foronya nyeupe!

Nyumba iliyopandisha kitambaa cheupe kwenye mti mrefu, hapa kwetu kila mwanamume anajua maana yake: pombe ya mtama imeiva, ingia, kaa. Hapigi hodi. Huingia hadi ndani, hutazama kila kona. Kwa saa moja kijiji kizima kitakuwa kimejionea. Wataona pia kwamba pombe hakuna, lakini hilo ni jambo dogo, wataelewa.

Nimeipandisha. Mama amelala. Naandika nikiwa dirishani. Ibada imekwisha, na wa kwanza wameshakata kona, wanaume saba, wanane, wanatembea haraka kuliko nilivyotarajia. Wanaimba.

Wamebeba makopo yao ya kunywea. Mmoja kaja na kiti.